Mchanga Kwenye Dagaa

Hotuba ya mwalimu mstaafu, siku ya kuvunja kikoba cha akina mama wa dagaa, mwalo wa Kibirizi, Kigoma

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikoba, katibu, mweka hazina, mzee wetu mwenyekiti wa mtaa uliyeacha shughuli zako ukaja kukaa nasi, mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana mliosimama pale nyuma kwa sababu viti vimeisha: Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Mwakeye.

Mwenyekiti aliponiomba niseme machache kabla ya mahesabu, nilimuuliza anataka niseme kuhusu nini. Akanijibu, "Mwalimu, ongea nasi kuhusu dini na kazi, maana wenzako wana neno." Neno hilo nimelisikia. Nimelisikia kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa hiyo lisitafutiwe mwenyewe. Mama mmoja alilitoa katika kikao chetu na nitalirudia karibu kama alivyolisema: "Nimechoka kuambiwa sina ibada. Mitumbwi inaingia alfajiri. Adhana inanikuta nimesimama kwenye maji, beseni mkononi, nagombania dagaa. Jumapili nayo, dagaa hawajui kwamba ni Jumapili, nisipowaanika wanaoza. Jioni napika, naosha, nasinzia nikiwa nimekaa. Hiyo ibada niifanye saa ngapi?"

Wengi wetu tulinyamaza. Swali lile halikuwa la uvivu. Mtu mvivu haulizi saa, anasema tu kwamba atakwenda kesho. Yule mama aliuliza kwa sababu linamuuma, na mimi tangu siku ile nimetembea nalo.

Kwanza niseme nisichokuja kusema. Sikuja kumwambia mtu kwamba swala iachwe kwa sababu mtumbwi umeingia, wala kwamba misa si kitu. Mashekhe wapo, mapadri na wachungaji wapo, na mambo hayo yana wenyewe. Mimi nilifundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi, na baada ya kustaafu naanika dagaa kama ninyi. Ninachokijua vizuri ni mikono: namna mtoto anavyoshika penseli, namna mama anavyoshika ungo. Nikiutazama mkono wa mtu anayefanya kazi bila kujua kwamba anatazamwa, naijua imani yake zaidi kuliko nikimsikiliza akiomba. Kwa hiyo yule mama namjibu hivi: ibada yako, sehemu kubwa ya ibada yako, iko kwenye lile beseni. Na humo humo ndimo inamoharibika.

Msidhani nimelitunga hili ili kuwafariji. Bibi Aisha, mke wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwahi kuulizwa Mtume alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani. Waliouliza pengine walitarajia kusikia habari za siri za usiku, za dua ndefu. Alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali. Basi. Kazi za nyumbani, kisha swala, na hakuna ukuta katikati yake. Na ninyi mnaosoma Injili mnayo ile habari ya mwisho ya Yohana, ya wavuvi waliokesha ziwani bila kupata kitu. Asubuhi wanafika ufukweni wanamkuta Yesu aliyefufuka. Amewasha moto wa makaa, juu yake kuna samaki, na mkate upo. Amewaandalia chakula cha asubuhi. Mimi si Mkristo, lakini habari hiyo kila nikiisikia naona ni ya mwalo huu. Mtu aliyeshinda mauti, jambo analolifanya kwa wavuvi waliochoka ni kuwapikia. Hata makaa aliyawasha mwenyewe.

Huwa naliwazia sana ziwa letu katika jambo hili. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi. Mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Watoto shuleni walikuwa wakisikia namba hiyo wanashika midomo, kisha wananiuliza huko chini kuna samaki wa aina gani. Nawaambia hakuna. Upande huu wetu wa kaskazini, ukishapita mita 100 hivi kwenda chini, maji hayana oksijeni. Kule kusini ni mita 200 na kitu. Dagaa, migebuka, kuhe, sangala, wote tunaowala na kuwauza wanaishi kwenye tabaka la juu, ambako jua linafika na upepo unakoroga maji. Nadhani na imani iko hivyo. Tunaambiana tuizamie kina, na kina kipo kweli, sikikatai. Lakini uhai umekaa huku juu, kwenye mambo ya kila siku yanayopigwa na jua.

Sasa twende nyumbani, maana mambo yetu mengi ya ajabu yako huko na hatuyatazami kwa kuyazoea.

Nyumbani kwangu kuna saa ya ukutani iliyotangulizwa dakika kumi. Kila mtu mle ndani anajua kwamba imetangulizwa, kila mtu anaziondoa hizo dakika kichwani kabla hajaamka, na bado hakuna anayethubutu kuirudisha. Marehemu mume wangu ndiye aliyeitanguliza ili tusichelewe swala ya alfajiri. Jirani yangu ni Mkristo, anaishi peke yake tangu wanawe wahamie Dar es Salaam. Akirudi kutoka hapa mwaloni anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe kabla ya kutia ufunguo. Nilimuuliza anambishia nani. Akaniambia, "Siwezi kuingia nyumbani kimyakimya, sijaja kuiba." Na sisi Waislamu tumefundishwa kutoa salamu tuingiapo nyumbani, hata kama ndani hamna mtu. Basi jioni, mkipita njia ile, mtawasikia wanawake wawili wazee wa dini mbili wakizisalimia nyumba tupu. Mimi jambo hilo nalipenda sana. Nyumba inayobishiwa hodi haifanywi jalala.

Halafu yako yale makatazo tuliyokulia. Usifagie usiku. Usiombe chumvi kwa jirani giza likishaingia, wala usiazime sindano. Usipige mluzi usiku. Usikalie kinu. Usimruke mtoto aliyelala, hatakua. Mabinti zangu wananiuliza kama nayaamini, na mimi nawajibu moja moja, maana si ya kupokelewa kwa jumla wala kutupwa kwa jumla. Hilo la kumruka mtoto nimeliacha. Mtoto anadumaa kwa kukosa lishe na kwa kuharisha kila mara, na mama akiamini kwamba tatizo ni mguu wa shangazi aliyemruka, hatashughulika na uji wala na choo. Hili nalisema wazi hata kama kuna bibi hapa atakayekasirika. La kufagia usiku bado nalishika. Mama zetu walifagia kwa mwanga wa koroboi, na uchafu uliotupwa usiku ungeweza kwenda na sarafu, na shanga, na sindano ambayo mtoto angeikanyaga asubuhi. Leo nina umeme, sindano naiona. Lakini nimegundua kwamba usiku nisipofagia nakaa. Nikikaa, watoto wanakuja kukaa. Katazo lile linanipa saa ya kuacha kazi, na bila hilo nisingekuwa nayo.

Na chumvi? Chumvi huku kwetu haikuwa kitu cha kuchezea. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikichemshwa kule, karibu na mto Malagarasi, kwa zaidi ya miaka 1,000, ikabebwa vichwani kupelekwa mbali kuuzwa. Nyumba iliyokuwa nayo iliitunza. Kumgongea mtu usiku kumwomba chumvi kulimweka pabaya: akikunyima ni ubaya, akikupa anapima gizani. Wazee wakaona bora usiombe, panga mambo yako mchana. Nikilitazama katazo hilo, ndani yake naona adabu kwa jirani, na kipimo cha haki kinachotaka mwanga. Tuliloshika sisi ni lile la mikosi, na la kipimo tukaliacha.

Nitaje jambo jingine la nyumbani, na hili linanisikitisha zaidi. Kabati la vyombo. Nyumba nyingi zetu zina kabati la kioo sebuleni, na ndani yake kuna sahani za maua, vikombe na visosa vyake, glasi zimepinduliwa juu ya kitambaa cha kufuma. Ni vyombo vya wageni. Watoto wa nyumba hiyo wanakula kwenye sahani za plastiki zilizokwanguka, wengine wanakula moja kwa moja kwenye sufuria. Mgeni asipokuja mwaka mzima, sahani za maua zinapanguswa vumbi na kurudishwa. Siwalaumu. Kumheshimu mgeni ni jambo kubwa katika dini zetu zote, na sisi watu wa Kigoma tumepokea wageni wa kila namna, waliokuja kwa biashara na waliokuja wakikimbia vita. Lakini naomba siku moja moja, bila sikukuu, umpakulie mwanao ugali wa muhogo kwenye sahani ya maua. Utamwona anavyokaa. Atanyoosha mgongo.

Nimeisema habari ya sahani kwa sababu inanifikisha kwenye dagaa, na dagaa ndio hasa walionileta mbele yenu.

Mnajua wenyewe kazi ilivyo. Mitumbwi inatoka jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Mwanga unawakusanya dagaa, wavu unainuliwa, alfajiri wanafika hapa wakiwa wanang'aa. Sisi tunawachukua, tunawamwaga juani. Na wengi wetu, nasema wengi nikijua ninachosema, tunawamwaga mchangani. Dagaa mbichi ana unyevu, mchanga unamshika. Akikauka, mchanga mwingine unadondoka ukimpepeta, mwingine unabaki kwenye tumbo na kwenye magamba. Tunamjaza kwenye gunia. Gunia linapanda mizani.

Nawaomba mnisikilize vizuri hapa. Kuna dagaa tunaowapika nyumbani na kuna dagaa tunaowauza. Wa nyumbani tunawatoa vichwa, tunawapepeta, tunawaosha maji ya kwanza, ya pili, hata ya tatu kama bado maji yanatoka na mchanga, ndipo tunawaweka kwenye mawese na nyanya. Mtoto akitafuna akasikia mchanga, mama unaona aibu. Wa kuuza tunawapepeta mara moja kwa haraka, wengine hawapepeti kabisa, na nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Usipepete sana, unapunguza kilo." Sasa huyo anayenunua ni nani? Ni mama kama wewe. Yuko Dodoma, yuko Tabora, yuko Kariakoo, ambako muuzaji akitaka kupandisha bei anatamka tu kwamba hawa ni wa Kigoma na mteja anaongeza hela. Ameongeza hela kwa sababu ya jina letu. Anafika nyumbani, anapika, mtoto wake anatafuna mchanga wa Kibirizi.

Mgeni akibisha hodi tunamtolea sahani ya maua. Mgeni huyohuyo akiwa mbali, haoni tunavyofunga gunia, tunamuuzia mchanga kwa bei ya samaki. Mimi nimekaa na jambo hilo nimeshindwa kulielewa. Mioyo yetu si mibaya, nawajua, mngemtoa mtu mwiba mguuni saa yoyote ya usiku. Lakini kuna mahali tumekata uzi: tumesema nyumbani na msikitini na kanisani ni mahali pa Mungu, mwaloni ni mahali pa kutafuta.

Maandiko hayakuukata uzi huo. Sura ya 83 ya Qur'ani inaanza kwa kuwaonya wanaopunja katika vipimo, wanaojipimia wakajaza na kuwapimia wengine wakapunguza. Kitabu cha Mithali, mlango wa 11, kinaanza na mizani ya hadaa, kwamba ni chukizo kwa Bwana. Angalieni mambo hayo yamewekwa wapi. Yamewekwa mwanzo wa sura, mwanzo wa mlango, wala hayakufichwa mwishoni pamoja na mambo madogo. Kwa hiyo mama anayeuliza ibada aifanye saa ngapi, nampa saa ya kwanza: ile dakika unapofunga gunia na mnunuzi hayupo.

Najua kwa nini tunaanika mchangani. Mchanga haulipiwi. Chanja, ile meza ya kuanikia dagaa juu ya ardhi, inataka mirunda, inataka wavu, inataka fundi, inataka mahali, na ukishaijenga unaogopa kuibiwa mirunda usiku. Mvua ikija ghafla, mwenye dagaa wa mchangani na mwenye dagaa wa chanja wote wanalia, ingawa wa chanja wanawahi kukauka kwa sababu upepo unawapita juu na chini. Na mnunuzi wa jumla naye anakuja anataka wote kwa bei moja, aliyesafisha na asiyesafisha. Hiyo ni dhuluma pia, na iko juu ya vichwa vyetu. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimewabebesha akina mama dhambi ya soko zima.

Lakini kazi nzuri isiyoonekana ina njia zake za kuonekana, na hapa bandarini kwetu tuna ushahidi wa chuma. Liemba. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kuletwa huku kwa reli, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Ikaunganishwa hapahapa na kushushwa majini mwaka 1915. Vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, haikuwa yetu, na waliotaabika nayo ni babu zetu waliobebeshwa mizigo na majeshi ya pande zote wakafa njiani. Hilo lisisahaulike. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Na kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene.

Fikirini. Mtu ameamriwa aizamishe meli. Maji yataifunika, vita vinaendelea, hajui kama atakuwa hai mwaka ujao. Angeweza kuacha mashine zilivyo na hakuna ambaye angemuuliza. Akachukua grisi, akapaka. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini wakakuta mashine zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baba zetu na watoto wetu wameipanda kwenda Kasanga, na Mpulungu kule Zambia. Sijui, labda wale mafundi walitumaini kuifukua wao. Hata hivyo mkono uliopaka grisi ile ulipaka vizuri, na waliofaidi ni watu ambao fundi hakuwajua. Mimi nikimwona binti anapepeta dagaa mara ya pili wakati mnunuzi hajafika, wale mafundi ndio wanaonijia.

Na kule Gombe, kila mtu anamjua Jane Goodall aliyekuja mwaka 1960 kuwatazama sokwe. Wachache wanajua kwamba alikuja na mama yake mzazi, na mama huyo akawa anawatibu wavuvi wa pale kwa dawa ndogondogo na bandeji. Mwana akapanda milima, mama akafunga vidonda. Wavuvi waliwapokea.

Turudi kwenye swali la saa. Mama aliuliza saa, na nisipompa jibu la saa nitakuwa nimemkwepa.

Ziwa lenyewe linatupa wakati. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mbalamwezi na dagaa hawakusanyiki. Kila mwezi tunazo siku hizo, na kila mwezi tunazilalamikia kwamba ni siku za njaa. Sasa hesabuni pamoja nami. Katika Uislamu kuna funga za sunna za siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Mwezi unakuwaje tarehe hizo? Umejaa. Ni siku zilezile mitumbwi imevutwa ufukweni. Na ninyi Wakristo, Pasaka yenu inawekwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo Juma Kuu kila mwaka linaangukia kwenye mwezi unaokaribia kujaa au uliokwisha jaa. Ukitoka kwenye Ibada ya Ijumaa Kuu jioni ukatazama ziwani, miaka mingi hutaona taa nyingi, utaona mwezi. Nilipoliona hilo nilifurahi siku nzima. Tulikuwa tunasema kazi inatunyima wakati wa Mungu, kumbe kalenda ya kazi yetu na kalenda ya ibada zetu zinafuata taa moja.

Kwa hiyo siku za mbalamwezi, badala ya kukaa tukihesabu madeni tu, ndizo siku za kufunga kwa anayeweza kufunga, za kwenda darasa la msikitini, za jumuiya, za kumtembelea mgonjwa aliyetukosa wiki tatu. Na za kulala. Nalitaja kulala kwa makusudi. Mwili uliochoka unaomba usingizi, na kuupa haki yake si kumkosea Mungu.

Tumeshawahi kuona pumziko kubwa kuliko hilo. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Mnakumbuka. Mwalo ulikuwa mtupu. Wengine walikwenda kwenye mawese, wengine kwenye sabuni ya mise, zile kokwa za mchikichi, wengine walirudi vijijini Kasulu na Buhigwe kulima maharage. Palikuwa na shida, sitaipamba. Kuna nyumba zilikula mlo mmoja. Mama mmoja wa jirani aliniambia kwamba wiki ya kwanza alikuwa akiamka saa kumi usiku kama kawaida, anakaa kitandani hana pa kwenda, kisha anakwenda uani kuosha beseni lake ambalo lilikuwa safi. Aliliosha kila alfajiri. Mwishowe akaanza kuswali usiku, kwa kuwa ameshaamka na maji ameshayagusa. Ziwa lilipofunguliwa hakuacha. Sasa anaswali rakaa mbili kabla ya kuja huku, na anakuja na uso uliotulia kuliko wengi wetu.

Sikuwaambia hilo ili tutamani ziwa lifungwe. Nimelisema kwa sababu wengi tulichukulia miezi ile kama adhabu, wakati dagaa walikuwa wanazaana kule chini ya miguu yetu. Ardhi inapumzishwa, ziwa linapumzishwa, mwanamke je?

Nimesema ya kutosha, na naona mweka hazina anatazama sanduku. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zimekaa kwa watu watatu ambao hawakai nyumba moja. Hatukuweka utaratibu huo kwa sababu wao ni wezi. Tuliuweka ili waaminifu wasaidiwe kubaki waaminifu. Nataka dagaa zetu zipate utaratibu kama huo, maana kuhubiriana peke yake hakutoshi. Nikiwasihi tu mpepete mara mbili, wiki hii mtapepeta, mwezi ujao njaa itawashauri vingine.

Kwa hiyo nina hoja, mwenyekiti, na naomba iandikwe kama hoja. Kabla ya kugawana, tutoe sehemu katika faida ya mwaka huu, kiasi tutakachokubaliana hapa, tujenge chanja za kikoba. Tuanze na chache. Zitumike kwa zamu, na zamu ya kwanza wapewe wajane na wale wenye watoto wanaonyonya, ambao hawawezi kukimbizana na mvua. Tununue mizani moja ya kikoba, ikakaguliwe na watu wa vipimo, ikae mahali pa wazi ambapo mnunuzi na muuzaji wote wanaiona. Gunia lililotoka kwenye chanja yetu lifungwe mbele ya watu wawili, Mwislamu na Mkristo, kama tunavyofungua vikao vyetu kwa dua mbili. Na gunia hilo tusiliuze kwa bei ya gunia la mchanga. Mnunuzi akikataa, tukatae pamoja. Mmoja mmoja hatuwezi, thelathini tunaweza.

Naomba hoja hii ijadiliwe kabla kufuli hazijafunguliwa, kwa sababu hela ikishaingia kwenye pochi ya mtu ina kazi zake tayari. Vijana pale nyuma, nimeona wawili wenu ni mafundi seremala. Njooni mbele, mtuambie mirunda inauzwaje sasa hivi, na chanja moja ya urefu wa kutosha inakula mirunda mingapi. Katibu, andika.